Amri kwa Jina la Mwambire

Peugeot 504 nyeupe iliuvunja mti wa kizuizi kwenye lango la uwanja wa ndege wa Malindi saa saba na dakika arobaini mchana.

Land Rover ya Idah Waruguru ilikuwa mita mia moja nyuma yake.

Idah hakuwa akikimbiza gari kwa raha. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, goti la kulia limevimba, na huo ulikuwa mchana wa tano tangu alale kitandani. Miaka kumi na mmoja alikuwa jasusi wa serikali. Alishazoea kufukuza watu. Kilichomshinda siku hizi ni kushuka kwenye gari.

Mbele, Cessna ya injini moja ilikuwa imekwisha washwa. Propela inazunguka, mlango uko wazi.

Idah aliipita Peugeot kwa upande wa majani, akafunga breki, akashuka. Akaegemeza bastola yake ya Browning juu ya boneti. Akavuta pumzi.

Risasi mbili.

Gurudumu la mbele la Cessna lilipasuka. Ndege ikainamisha pua, propela ikachimba lami na kunyamaza. Rubani aliruka nje, mikono kichwani.

Mzungu aliyekuwa kwenye Peugeot alishuka polepole, mkoba mkononi, miwani safi. Jina lake Brenner. Miaka mitatu alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika Kituo cha Redio cha Doria kule Kilifi, aliyekuja pamoja na mashine ya msaada. Kila mtu kituoni alimpenda, hadi alipotoroka leo.

"Bi Waruguru," alisema kwa Kiswahili kizuri. "Unaonekana umechoka."

"Nimechoka. Geuka."

Akamfunga pingu.

Redio ya Motorola kiunoni mwa Idah ikakoroma, ikimwita kwa namba yake.

"Kumi na Moja, Kumi na Moja, hapa Kilifi. Wanipata?"

Ilikuwa sauti ya Mwanabibi Shekha, binti wa Malindi mjini, aliyekuwa zamu kwenye mashine siku hiyo.

"Nakupata. Sema."

"Shikamoo, dada. Mambo yameharibika. Amri ya Doria Sita imebadilishwa. Koplo Kitsao na watu wake saba wameambiwa waende kisima cha Dakacha, na si mimi niliyeandika. Na mlingoti wa tatu, unaopeleka sauti huko bara, umezimwa. Siwapati."

"Uwashe."

"Nimejaribu. Mashine yanikatalia. Yasema sina ruhusa. Na neno la siri la msimamizi mkuu limebadilishwa leo asubuhi."

Idah alimtazama Brenner. Brenner alitabasamu.

Tangu Novemba, doria mbili za askari wa wanyamapori zilikuwa zimeviziwa huko bara, nyuma ya Magarini. Askari tisa wamekufa. Kila mara majangili walijua askari watapita wapi na saa ngapi. Doria Sita ndiyo ya mwisho iliyobaki kwenye njia ile. Wakifa wanane hao, lori la pembe za ndovu litateremka hadi baharini bila kusimamishwa na mtu.

"Wanafika kisimani saa ngapi?" Idah aliuliza kwenye redio.

"Saa kumi. Wakienda mbio, kabla."

"Ndege?"

"Ya doria iko Nairobi, inatengenezwa. Na kwa gari hadi Dakacha ni saa nne."

Brenner alikohoa. "Neno liko kichwani mwangu tu, bibi. Nitafutie ndege nyingine. Nikifika ng'ambo, nakupigia simu nakutajia. Herufi nane."

Idah alimjua mtu wa aina hiyo. Asingepiga simu.

"Dada," sauti ya Mwanabibi ikarudi, safari hii taratibu. "Kuna jingine. Nimetazama kumbukumbu za mashine. Amri ya leo iliandikwa saa kumi na mbili na dakika nane alfajiri. Kwa jina la Mwambire."

Idah aliisogeza redio karibu na sikio.

Mwambire alikuwa msimamizi wa mashine hadi mwezi uliopita. Idah ndiye aliyemkamata. Ushahidi ulikuwa huo huo: amri zilizowaua askari tisa ziliandikwa kwa jina lake. Aliwekwa ndani wiki tatu, akahojiwa, kisha akaachiwa kwa kukosa kitu cha kumpeleka nacho mahakamani. Kazi ikamtoka.

Leo alfajiri Mwambire alikuwa shambani kwake Tezo. Idah alijua kwa hakika. Askari kanzu wake alikuwa akiilinda nyumba ile usiku na mchana.

"Jina lake halikufutwa?" aliuliza.

"Bwana Brenner ndiye aliyeambiwa alifute. Hakulifuta."

Brenner hakuwa akitabasamu tena.

"Mwanabibi. Kama jina lipo, na neno lake la siri la zamani linafanya kazi?"

"Msimamizi mkuu aweza kuingia kwa jina la mtu yeyote bila kujua neno lake. Basi Bwana Brenner hakuwa na haja ya kulibadilisha lile la zamani. Na Kaka Mwambire alikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuamuru. Ikiwa jina lipo, huenda na ruhusa ipo."

Askari wa uwanja walikuwa wameshafika. Idah aliwakabidhi Brenner na rubani, akarudi kwenye usukani. Goti lililia. Akalipuuza.

Gede ikapita. Msitu ukapita. Sindano ya kasi ilikuwa imevunjika kwenye mia na kumi.

Redio.

"Kumi na Moja, hapa Mnazi." Huyo alikuwa Mzee Phineas, mkuu wake, aliyekuwa Mombasa. "Taarifa."

"Brenner tunaye. Doria Sita hatuipati. Naenda kumchukua Mwambire."

Sauti ya mzee ilishuka.

"Mwambire yule?"

"Yule."

"Atakubali?"

"Sijui, mzee."

"Wewe ungekubali?"

Idah alikata kona. Alibadilisha gia.

Saa nane na dakika arobaini aliingia kwenye kiwanja cha Mwambire. Nyumba ya udongo, paa la makuti, mistari ya mihogo hadi kwenye mikorosho. Majirani wanne walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakipukuchua mahindi. Walipomwona aliyeshuka, mikono yao ilisimama.

Mwambire alikaa kwenye kigoda, gunzi limebanwa katikati ya viganja. Alikuwa akipukuchua kwa viganja, si kwa vidole. Idah akaona kwa nini. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimenyooka kama vijiti, na kimoja cha kushoto kimepinda.

Vidole hivyo vilikuwa vizima siku alipomkamata.

"Afande," Mwambire alisema bila kusimama. "Leo umekuja peke yako."

"Nimekosea," Idah alisema. "Siyo wewe. Ni Brenner. Alitumia jina lako. Tumemkamata sasa hivi, lakini ameshafunga mashine, na Kitsao na watu saba wanatembea kwenda kwenye bunduki. Tuna saa moja na kitu. Nakuomba."

Mwambire alitazama gunzi lake.

"Kitsao," alisema.

"Ndiyo."

"Nilipokuwa ndani, ni yeye peke yake aliyeniletea chai. Wewe ulikuja na karatasi." Akaliweka gunzi chini. "Nitakwenda. Lakini hayo uliyoniambia mimi nayajua. Mwambie Easter."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mrefu, leso imefungwa kifuani, mkono umeshika kizingiti.

Idah alimwendea. Aliwahi kusimama mbele ya mawaziri, mikono mfukoni. Sasa aliitoa.

"Mama, mume wako hakufanya kitu. Nilimkamata bure."

Easter alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu vyenye vumbi.

"Sema tena," alisema. "Majirani hawajasikia."

Saa ilikuwa inakwenda. Idah aligeuka. Aliwatazama wale wanne kwenye mkeka, na mzee aliyekuwa ametokea njiani na baiskeli, na wanawake wawili waliosimama na madumu ya maji.

"Mwambire hakuua mtu!" alipaza sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imekauka, ikapasuka katikati. "Hakuuza siri! Serikali ilimfunga kwa makosa, na aliyekosea ni mimi, Idah Waruguru!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa baiskeli alisema tu, "Haya."

"Na vidole?" Easter aliuliza.

"Sikuwepo," Idah alisema. Kisha akasikia alivyosema. "Lakini faili lilikuwa langu."

Easter aliondoa mkono kizingitini.

"Mwambire, nenda. Watu wasife."

Kituo cha Redio cha Doria kilikuwa kwenye jabali juu ya hori ya Kilifi. Nyumba moja, mlingoti mmoja, chumba kimoja cha baridi. Humo ndani kompyuta ya VAX, kubwa kama kabati la nguo, ilinguruma peke yake. Mezani palikuwa na kibodi na kioo chake cha kusomea, aina ya VT100, chenye herufi za kijani.

Saa tisa na robo.

"Shikamoo, kaka," Mwanabibi alisema, akasimama kumpisha. Machozi yalimlengalenga alipoona vidole.

"Marahaba. Kaa hapo karibu." Mwambire aliketi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yalishuka. "Afande, nikueleze upesi ili usinishike mkono katikati. Kwenye mashine hii kuna mtumiaji mmoja tu asiyekataliwa kitu. Msimamizi mkuu. Huyo ndiye Brenner aliyemfungia kwa neno jipya. Lakini kuna programu ndogo inaitwa sudo, niliiweka mwenyewe. Ukiwa kwenye orodha yake, unaandika sudo, halafu amri yako. Mashine haikuulizi neno la mkuu. Inakuuliza lako. Likiwa sawa, inatii kama aliyesema ni mkuu."

"Brenner haijui?"

"Anaijua. Lakini aliihitaji orodha hiyo na jina langu ndani yake. Angenitoa, uongo wake ungeonekana. Mtu asiye na ruhusa ameamuru vipi?"

Akaandika jina lake. Neno la siri. Kwenye kioo hakuna kilichoonekana, kwa kuwa mashine haionyeshi neno la siri likiandikwa.

Mashine ilikataa.

"Kidole," Mwambire alisema. "Kimegusa mbili pamoja."

Akaandika tena, polepole, kwa kidole kimoja. Kidole kilitetemeka.

Mashine ilikataa.

Mwambire alirudisha mikono mapajani. Jasho lilikuwa limemtoka katika chumba kile cha baridi.

"Mara ya tatu ikikataa, inajifunga nusu saa. Niliipanga hivyo kuzuia wezi."

Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika ishirini na tatu.

"Niandike mimi," Mwanabibi alisema.

"Nawe watetemeka, mwanangu." Mwambire akamgeukia Idah. Akamtazama mikono. Imetulia. Mikono ya mtu ambaye amechoka kiasi cha kutotetemeka. "Kaa wewe."

Idah alikaa.

"Miaka mitatu sijamtajia mtu neno hili. Hata Easter." Mwambire alivuta pumzi. "Sijalala. Neno moja. Herufi ndogo zote."

Idah aligeuka kumwangalia, akidhani ni mzaha.

"Nilikuwa zamu ya siku ya tatu mfululizo nilipolichagua," Mwambire alisema. "Andika."

S. I. J. A. L. A. L. A.

Herufi moja moja, kama mtu anayetegua bomu.

Kioo kikameta. Mashine ikamkaribisha Mwambire.

Mwanabibi alisema "Alhamdulillahi" kwa pumzi.

"Sasa," Mwambire alisema. "Sudo. Nafasi. Mlingoti. Nafasi. Tatu kwa tarakimu. Nafasi. Washa. Halafu kile kitufe kikubwa."

*sudo mlingoti 3 washa*

Mashine ikauliza neno la siri tena. Idah akaliandika tena. Kisha ikakaa kimya. Sekunde tano. Kumi. Kilomita sitini kutoka pale, juu ya kilima kisicho na mtu, swichi ilikuwa ikiamua.

Taa nyekundu kwenye ubao wa redio ikawa kijani.

Mwanabibi alikwishashika kipaza sauti.

"Doria Sita, Doria Sita, hapa Kilifi. Simameni mlipo. Narudia, simameni. Jibu."

Mvumo mtupu.

"Doria Sita, Doria Sita. Koplo Kitsao, hapa Kilifi. Jibu."

Mvumo.

Idah alihesabu pumzi zake. Alikuwa amesubiri hivi mara nyingi, kwenye redio nyingi. Mara nyingine hapajibu mtu.

"Kilifi, Doria Sita." Sauti nene, yenye pumzi za mwendo. "Nyinyi mlipotelea wapi? Tangu asubuhi naita. Kisima nakiona kwa macho."

"Usikisogelee! Kuna watu kichakani!"

Mchakacho wa majani. Kisha Kitsao, kwa sauti ya chini: "Tumelala chini. Mita mia sita hivi. Tuna maji ya nusu chupa kila mtu."

Mwambire hakuwa akisikiliza. Alikuwa akimwonyesha Idah kwa kidole kwenye kioo.

"Andika hii. Nataka kuona nini kinajiendesha chenyewe humu."

Orodha ikateremka. Aliisoma midomo ikichezacheza. Akasimama kwenye mstari mmoja.

"Mshenzi," alisema, karibu kwa heshima. "Kila robo saa mashine yetu yenyewe inawatumia majangili habari, kwa mlingoti wa Magarini. Inawaambia Doria Sita wako wapi. Safari ijayo ni tisa na dakika arobaini na tano."

"Ifute," Idah alisema.

Kisha akasema, "Ngoja."

Alisugua macho. Kichwa kilikuwa kizito, lakini sehemu moja yake ilikuwa bado inafanya kazi, ile iliyokuwa inamlipia mshahara.

"Unaweza kuibadilisha?"

"Kwa jina langu, hapana. Faili ni la mkuu." Mwambire alimsogezea kibodi. "Kwa sudo, ndiyo."

"Kitsao," Idah alisema kwenye kipaza sauti. "Mahali pa wazi ni wapi hapo?"

"Nani huyu?"

"Kumi na Moja."

"Shikamoo, mama. Mashariki ya kisima kuna mto mkavu. Hauna hata kijiti. Sisi tuko kwenye mawe, juu yake."

"Kaeni kwenye mawe. Watakuja wenyewe."

Mwambire alitaja, Idah akaandika. Alikosea mara moja, akafuta, akaandika tena. Habari mpya ilikuwa fupi: askari wamekwepa kisima, wako mtoni wakichimba maji, bunduki wameziweka chini.

Saa tisa na dakika arobaini na tano, mashine iliituma yenyewe, kwa utiifu kabisa, kama ilivyofundishwa na Brenner.

Walisubiri.

Mwanabibi alikuwa akisoma dua kimoyomoyo, macho amefumba. Mwambire alikuwa akitazama mikono yake.

Saa kumi kasoro dakika tano redio iliamka. Ilikuwa sauti ya Kitsao, ya kunong'ona.

"Wametoka. Kumi na mmoja. Wanakimbia kwenda mtoni, wamejikunja. Wamenipa mgongo."

"Wewe ndiye uliye hapo, koplo," Idah alisema. "Fanya unavyoona."

Zikaja dakika kumi ambazo redio haikusema kitu. Idah hakukaa wala hakusimama. Aliegemea ukuta.

"Kilifi, Doria Sita." Sasa hakunong'ona. "Kumi na mmoja wote wameweka silaha chini. Wawili wana majeraha. Mtu wangu mmoja, Kahindi, risasi imemparuza bega. Anatukana, kwa hiyo ni mzima. Na lori tumeliona, liko nyuma ya kichaka. Limejaa."

Mwanabibi alijifunika uso kwa buibui, akalia kimya kimya.

Mwambire aliomba maji. Mwanabibi akamletea, Mwambire akakishika kikombe kwa viganja viwili, akanywa yote.

Simu ya mezani ililia. Mzee Phineas.

"Nimesikia yote. Kazi nzuri, Kumi na Moja. Mwambie Mwambire arudi kazini Jumatatu. Mshahara ule ule, nyumba ile ile. Nimeshaongea na wanaohusika."

Idah alimweleza Mwambire. Mwambire alitikisa kichwa, si kukubali wala kukataa.

"Nina amri mbili zimebaki," alisema. "Niandikie."

Ya kwanza ilimbadilishia msimamizi mkuu neno la siri. Mwambire akamwambia Mwanabibi achague lake, akageuza uso ukutani wakati anaandika. Idah naye akageuka.

Ya pili ilifungua orodha ya sudo. Palikuwa na jina moja. Mwambire akamwelekeza Idah aongeze la Mwanabibi chini yake. Kisha akamwelekeza afute la juu.

Idah aliondoa vidole kwenye kibodi.

"Hilo ni lako."

"Najua kusoma."

"Umeambiwa urudi kazini."

"Nimesikia." Hakuwa na hasira. Alikuwa na sauti ya mtu anayetaka kwenda nyumbani. "Afande, kila aliyekuwa na ruhusa kwenye mashine hii alikuwa mtu wa kwanza kukamatwa. Siku nyingine mkitafuta, muanze kwingine. Huyu binti anajua kazi, na sasa anajua na nyinyi mkoje. Futa."

Idah alifuta.

"Jaribu sasa," Mwambire alisema. "Sudo, mlingoti, tatu, zima."

Akajaribu. Mashine ilijibu kwa Kiingereza chake kikavu kwamba Mwambire hayumo kwenye orodha, na kwamba tukio hili litaripotiwa.

Mwambire alicheka. Kicheko kifupi, cha kwanza Idah kukisikia kwake.

"Litaripotiwa kwa nani?" Idah aliuliza.

"Kwa msimamizi," Mwambire alisema, akamwonyesha Mwanabibi kwa kidevu.

Nje jua lilikuwa bado kali. Idah alimwita dereva wa kituo, akampa funguo za Land Rover yake.

"Mpeleke Bwana Mwambire hospitali, daktari aviangalie vidole. Usikubali kuambiwa mrudi kesho. Halafu umfikishe Tezo, hadi mlangoni."

"Na wewe, afande?"

"Nina miguu."

Mwambire alisimama kando ya mlango wa gari. Walitazamana. Hakumpa mkono, na Idah hakuutafuta.

"Ulisema kwa sauti," Mwambire alisema hatimaye. "Pale nyumbani. Sikutegemea."

Akapanda. Gari likaondoka.

Idah aliteremka kilima kwa miguu, akichechemea, hadi kwenye kivuko. Feri ilikuwa upande huu, inapakia. Alipita katikati ya wanawake na vikapu vyao, akapata nafasi kwenye benchi la pembeni. Akaingiza Browning ndani zaidi kwenye mkoba wake. Akavua viatu.

Redio ikaamka.

"Kumi na Moja, hapa Mnazi. Kesho saa mbili asubuhi kuna gari la kukupeleka kazini Lamu. Thibitisha."

Idah alitazama maji yakianza kusogea kati ya feri na nchi kavu.

"Mnazi, Kumi na Moja yuko kwenye feri," alisema. "Atajibu akiamka."

Akaizima.